Unataka kuwa kocha wa maisha? Pima kwanza namna unavyouliza (uzi mrefu)

Wakuu, habari zenu.

Siku hizi watu wengi wanatamani kuingia kwenye ukocha binafsi, yaani kukaa na mtu mmoja mmoja na kumsaidia afike anakotaka kwenye kazi, uongozi, masomo au maisha kwa ujumla. Wanaonifuata kuomba mwongozo huanza karibu na maneno yaleyale: "Mimi watu huniamini. Kila mwenye shida anakuja kwangu, nami namwelekeza." Nawapenda watu hawa kwa dhati, wana moyo wa kusaidia. Lakini hiyo sifa ya kuelekeza ndiyo itakayowasumbua kuliko kitu kingine wakishaingia. Kocha halipwi kwa kuelekeza. Analipwa kwa kuuliza na kusikiliza, na kuuliza ni ufundi: unafundishwa, unafanyiwa mazoezi, unapimwa.

Nitauandika uzi huu kwa vipande. Nitaanza na ufundi wenyewe, kisha nije kwenye njia ya kuugeuza kuwa kazi. Ulizeni mnapokwama, nitajibu humu humu.

Tuanzie kwenye uwanja wa tenisi, maana sehemu kubwa ya kazi hii ilizaliwa huko. Mwalimu mmoja wa tenisi Mmarekani, Timothy Gallwey, aliona kwamba kadiri alivyowaelekeza wanafunzi wake (shika raketi hivi, kunja goti vile) ndivyo walivyozidi kukakamaa. Akapunguza maelekezo. Akawaambia waseme kwa sauti "dunda" mpira unapogusa chini na "piga" unapogusa raketi, basi. Mtu akishughulika na mpira badala ya kujikosoa kichwani, mwili unaanza kujirekebisha wenyewe. Kitabu chake kilitoka mwaka 1974 na kikasomwa sana hata na watu wasiowahi kushika raketi.

Aliyeyabeba mawazo hayo hadi maofisini ni Mwingereza John Whitmore, ambaye kabla ya hapo alikuwa dereva wa mashindano ya magari. Whitmore alikuwa na mfano ninaoupenda mno. Muulize mchezaji: "Unautazama mpira?" Atakujibu ndiyo, hata kama macho yako kwingine. Sasa muulize: "Mpira ukija kwako, unazunguka kuelekea upande gani?" Hawezi kujibu bila kuutazama. Swali la kwanza linamtaka ajitetee, la pili linamfanya atazame. Na angalieni jambo moja zaidi: anayeuliza hilo la pili halazimiki kulijua jibu, wala jibu halimhusu sana. Kazi imeshafanyika pale macho ya mchezaji yalipogeukia mpira.

Swali zuri la kocha ni la aina hiyo. Kocha halitumii ili yeye apate habari. Analitumia ili mteja aone kitu ambacho kimekuwa mbele yake muda wote.

Sasa adui mkubwa wa ufundi huu ni ushauri uliovaa joho la swali. "Huoni ingekuwa bora ukizungumza na bosi wako?" "Umeshafikiria kurudi shule?" Hayo yana alama ya kuuliza mwishoni tu. Mteja anajua unachotaka aseme, na kwa heshima atakisema, kisha atakwenda nyumbani asikifanye.

Tena swali hutia maneno mdomoni hata pale muulizaji hana nia hiyo. Mwaka 1974, watafiti wa saikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu filamu fupi za ajali za magari, kisha wakawauliza magari yalikuwa na kasi gani. Walichobadilisha ni kitenzi tu. Walioulizwa kasi ya magari "yalipobamizana" walikadiria wastani wa zaidi ya maili 40 kwa saa. Walioulizwa kasi "yalipogusana" walikadiria maili 31.8. Filamu zilezile! Katika jaribio lililofuata, walioulizwa kwa kitenzi kikali walikuwa wengi zaidi kudai baadaye kwamba waliona vioo vilivyovunjika, ilhali kwenye filamu havikuwepo.

Kwa hiyo ukimuuliza mteja, "Ulianza lini kuichukia kazi yako?" na yeye hakutaja chuki, umemvunjia vioo ambavyo havikuvunjika. Mwulize kwa neno alilolitumia yeye. Kama alisema "nimechoka", uliza kuhusu uchovu.

INAENDELEA

Niwaonyeshe swali likifanya kazi. Mfano huu nimeuunda kutokana na mambo yanayojirudia kwenye vikao. Si habari ya mtu fulani, maana siri ya mteja haiandikwi hadharani.

Mteja amepandishwa cheo, sasa anawasimamia watu aliokuwa nao ngazi moja. Anakaa, anashusha pumzi, anasema: "Wenzangu hawaniheshimu."

Hapa mwelekezaji ana mengi ya kusema. Kuwa mkali. Itisha kikao. Usicheke nao sana. Yote yanaweza kuwa mazuri, na yote yanaweza yasimfae huyu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kocha anauliza:

"Wangekuwa wanakuheshimu, ungeona nini?"

"Wangeleta taarifa kwa wakati. Kila Ijumaa nawakimbiza mmoja mmoja."

"Wote?"

"Hapana, si wote. Wawili huleta bila kukumbushwa."

"Kati yako na hao wawili kuna nini ambacho hakipo kwa wengine?"

Kimya. Anatazama dari. Anaanza sentensi, anaikata. Kisha: "Hao wawili... hao nilikaa nao mwanzoni tukakubaliana taarifa iweje na ije lini. Wengine nilidhani wanajua."

Alikuja na mzigo mkubwa usioshikika, kukosa heshima, anaondoka na kitu anachoweza kukifanya Jumatatu asubuhi. Na hakuna aliyempa. Swali la mwisho lisingeweza kuandikwa kabla ya kikao, kwa sababu limejengwa kwa maneno yake mwenyewe, "wawili huleta bila kukumbushwa". Kocha aliyekuwa anawaza swali lake lijalo angeyapita maneno hayo. Na lile swali la neno moja, "Wote?", ndilo lililofungua njia. Ningependa kila anayeanza kazi hii alipende swali fupi namna hiyo.

Kutafuta pale ambapo tatizo halikutokea, na kuuliza kulikuwa na nini siku hiyo au kwa mtu huyo, kuna wenyewe walioifanyia kazi kwa kina: Steve de Shazer na mkewe Insoo Kim Berg, waliojenga huko Milwaukee, Marekani, tiba fupi ya mazungumzo inayolenga suluhisho. Wao walikuwa watu wa tiba, si makocha, lakini makocha tumefaidi sana kisima chao.

Ndiyo maana zile orodha za "maswali 100 yenye nguvu" zinazosambazwa mitandaoni nasema zisomeni, kisha muingie kwenye kikao bila karatasi.

Mnielewe vizuri kuhusu mpangilio. Kikao kinahitaji njia. Whitmore ndiye aliyeueneza mtindo uitwao GROW kupitia kitabu chake cha mwaka 1992: kwanza unataka nini, pili hali ikoje sasa, tatu kuna njia zipi, nne utafanya nini na lini. Ni mtindo mzuri kwa anayeanza na hata mkongwe anauhitaji. Ila wengi huikimbia hatua ya pili. Wanasikia lengo, wanarukia njia. Mteja wetu wa hapo juu angepewa njia kumi za kudai heshima kabla hajagundua kwamba wawili wanayo tayari.

Halafu kuna kunyamaza. Miaka ya 1970 mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe alichunguza madarasa nchini Marekani akakuta walimu wakishauliza swali husubiri kama sekunde 1 tu kabla ya kuongea tena: wanarudia swali, wanamtaja mwingine, au wanajibu wenyewe. Walipofundishwa kusubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, "sijui" zikapungua, watoto waliokuwa hawasemi wakaanza kusema, na wanafunzi wenyewe wakaanza kuuliza zaidi. Sekunde 3! Kwenye kikao cha ukocha mara nyingi utahitaji kusubiri zaidi ya hapo. Kimya kikikuwasha, angalia macho ya mteja: yakiwa yametoka kwako na kutazama kando au juu, bado anafanya kazi, usimkatize. Yakirudi kwako, amemaliza au anakungoja.

Na msiulize maswali mawili kwa pumzi moja. Mteja atajibu lililo jepesi.

Kuhusu "kwa nini", na zaidi "mbona": si marufuku, ila humfanya mtu atafute utetezi. "Mbona hukumaliza ile kazi?" inamrudisha mbele ya mzazi wake. "Ulipofika katikati, nini kilitokea?" inamrudisha kwenye tukio lenyewe, na humo ndimo jibu lilimo.

Kipande cha mwisho cha ufundi, nacho nakithamini kuliko vyote. William Miller na Stephen Rollnick, walioujenga usaili wa kuhamasisha (mazungumzo ya kumsaidia mtu atoe mwenyewe sababu zake za kubadilika) kwa ajili ya watu wenye shida za pombe na mazoea mengine magumu, wanatumia swali la kipimo. Kutoka 0 hadi 10, kufanya badiliko hili kuna umuhimu gani kwako? Mteja anasema 4. Wengi wetu tungeuliza, "Kwa nini si 8?" Ukiuliza hivyo atakutajia vikwazo kimoja baada ya kingine, na kila anachokitaja kinamshawishi zaidi abaki alipo. Wao huuliza kuelekea chini: "Imekuwaje ukasema 4 na si 1?" Sasa mteja analazimika kutaja sababu zake za kutaka kubadilika. Anajisikia akizisema kwa mdomo wake. Mtu huamini zaidi anachokisema mwenyewe kuliko anachoambiwa.

INAENDELEA: UPANDE WA KAZI

Nchi nyingi hazina sheria inayolinda jina la kocha. Mtu yeyote anaweza kuamka leo akajitangaza. Hilo lina uzuri wake, lakini linamaanisha pia kwamba mteja hana pa kukupimia isipokuwa mafunzo yako, ithibati yako na kazi yako.

Chombo kikubwa zaidi cha makocha duniani ni International Coaching Federation, ICF, kilichoanzishwa mwaka 1995 na Mmarekani Thomas Leonard. Kina ngazi tatu. ACC inataka angalau saa 60 za mafunzo na saa 100 za kufanya ukocha. PCC inataka saa 125 za mafunzo na saa 500 za ukocha. MCC, ya juu kabisa, inataka saa 200 za mafunzo na saa 2,500 za ukocha, na uwe umeshapata PCC. Sehemu kubwa ya saa hizo ziwe za kulipwa: kwa ACC ni 75 kati ya 100. Wanaoanza huogopa wakisikia hivyo, lakini malipo hata yawe madogo yanahesabiwa, na hata kubadilishana huduma kunahesabiwa. Juu ya hayo kuna saa 10 za kusimamiwa na kocha mlezi anayesikiliza vikao vyako, kuna mtihani, na ithibati huhuishwa kila baada ya miaka 3 kwa kuonyesha saa 40 za kuendelea kujifunza.

Chombo kingine kinachoheshimika, chenye asili ya Ulaya, ni EMCC (European Mentoring and Coaching Council), ambacho mizizi yake ni ya mwaka 1992.

Je, lazima uwe na ithibati? Mteja binafsi mara nyingi hata hataiulizia. Makampuni na taasisi huiulizia. Lakini sababu yangu ya kuipendekeza ni zile saa 10 za kusimamiwa. Mtu mwingine akisikiliza rekodi ya kikao chako, kwa ruhusa ya mteja, atakuonyesha ni wapi uliuliza na ni wapi ulihubiri, kitu ambacho kusoma peke yako hakukupi. Unapochagua kozi, uliza jambo moja kabla ya bei: nitafanya vikao vingapi huku mtu ananisikiliza na kunikosoa? Wakikujibu kwa idadi ya video, endelea kutafuta.

Kuhusu kuacha ajira ili uingie huku: nashauri usiingie kichwa kichwa. Ukocha unakua kwa watu kuambiana, na hilo huchukua muda. Anza jioni na mwisho wa wiki, jenga saa zako, acha wateja wako wa kwanza wakulete kwa wengine. Na chagua watu unaowajua maisha yao. Kama umekuwa muuguzi au mhasibu miaka mingi, wateja wako wa mwanzo wako huko, hata kama utawauliza tu na si kuwafundisha uuguzi.

Mpaka mmoja hauna mjadala. Kocha si mtaalamu wa afya ya akili. Mteja akizungumzia kujidhuru, kiwewe kinachomkosesha usingizi, ulevi uliomshinda au huzuni isiyoisha, kazi yako ni kumfikisha kwa mtaalamu husika, kwa upole na bila kuchelewa. Yaandike hayo kwenye makubaliano kabla ya kikao cha kwanza, pamoja na usiri na mipaka yake, ili siku ikifika asione umemtupa.

MAJIBU YA MASWALI YENU

Mdau ameuliza: mteja amelipa anataka ushauri, mimi namrudishia maswali tu, hataona nimemtapeli?

Mkuu, swali zuri sana. Kwanza mweleze kabla hajalipa kwamba kazi yako ni ipi, na anayetaka mshauri mwelekeze kwa mshauri. Pili, tofautisha taarifa na uamuzi. Mteja akikuuliza barua ya maombi ya kazi inaandikwaje na wewe unajua, mwambie, usimzungushe. Ila omba ruhusa kwanza, uliza anajua nini tayari, mpe kinachokosekana, halafu uliza ataitumiaje. Kama aombe kazi hiyo au asiombe, huo ni uamuzi wake, na hapo unarudi kwenye kuuliza. Kumficha mtu taarifa unayoijua eti kwa sababu wewe ni kocha ni kumkosea.

Dada ameuliza kama mtu mkimya, asiyependa kuongea mbele za watu, anaweza kazi hii.

Anaiweza, dada yangu, tena wewe una mtaji ambao wengine wanautafuta kwa jasho. Kuongea mbele za watu ni kazi ya mhamasishaji. Unachohitaji kuongeza ni ujasiri wa kuuliza swali lisilo rahisi kwa sauti ya upole. Mfano mteja amesema kwa kikao cha tatu mfululizo kwamba "wiki ijayo" ataanza. Mkimya huwa analiona hilo, anameza. Liseme: "Hii ni mara ya tatu nasikia wiki ijayo. Wewe unaisikiaje?" Kisha rudi kwenye ukimya wako.

Mwingine ameuliza: akili mnemba sasa inauliza maswali mazuri tu, je kazi hii itakuwepo?

Nalichukua kwa uzito. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT alitoa programu ya kompyuta iitwayo ELIZA, iliyokuwa inayageuza maneno ya mtu kuwa swali na kumrudishia. Haikuelewa chochote. Hata hivyo watu waliifungulia mioyo, na katibu muhtasi wake mwenyewe alimwomba atoke chumbani ili aongee nayo faragha. Kwa hiyo kuulizwa tu, hata na mashine, kunamsaidia mtu kufikiri, na mteja akitaka kuitumia kati ya kikao na kikao simzuii. Ninachokiona kwa wateja ni kwamba ahadi waliyoitoa mbele ya mtu anayewakumbuka huwa ngumu kuivunja. Pia mashine hujibu papo hapo, haijui kungoja huku mtu anatazama dari. Kocha anayesoma maswali kutoka kwenye orodha ndiye anayepaswa kuhofia.

La mwisho kwa leo: mwajiri ndiye anayelipa, na baada ya vikao anataka kujua mfanyakazi wake alisema nini. Ufanyeje?

Hili limalizwe kabla ya kuanza, mkiwa watatu mezani: wewe, mwajiri na mteja. Mkubaliane lengo ambalo wote wanalijua, na mwandike kwamba mwajiri ataambiwa vikao vilifanyika na idadi yake, basi. Maendeleo ya lengo atayaeleza mteja mwenyewe, kwa maneno yake, kwenye kikao cha watatu katikati na mwishoni. Mwajiri akisema hawezi kulipia asichokisikia, ikatae kazi hiyo. Mteja anayejua maneno yake yatafika kwa bosi atakupa majibu ya usaili wa kazi, na hakuna swali litakalovuka hapo.